Kutoka Uwanjani Hadi Darasani: Maneno ya Michezo Yanavyomsaidia Mtoto wa Ufipa Kuzungumza Kiingereza



Wakati wa kupitia taarifa ya matumizi, baadhi ya wafadhili wetu na wajumbe wa kamati za parokia wametuuliza kwa nini fedha iliyotolewa kwa ajili ya elimu imenunua mipira, filimbi na kamba. Swali hilo ni la haki. Anayetoa fedha yake, iwe ni mchango wa jumuiya ndogondogo au msaada kutoka mbali, anastahili kujua imefanya kazi gani. Katika makala hii tunaeleza tatizo lililotufanya tuanze, namna kazi inavyofanyika, mahali tulipokosea, na yale ambayo parokia inaweza kuyafanya yenyewe.

TATIZO: MIEZI MITATU KATI YA LUGHA MBILI

Katika shule nyingi za msingi za Serikali hapa Tanzania, mtoto hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Mwezi Septemba hufanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Mwezi Januari, akichaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, anakuta Hisabati, Biolojia, Fizikia, Kemia na Jiografia vyote vinafundishwa kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo mbili ana miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba tu.

Hapa kwetu safari hiyo ni ndefu zaidi. Watoto wengi wa uwanda wa juu wa Ufipa huanza na Kifipa nyumbani. Upande wa Kalambo wapo wanaoanza na Kimambwe au Kilungu, na kule bonde la Rukwa, katika familia za wafugaji, wapo wanaoanza na Kisukuma. Kiswahili chenyewe wengine wamekizoea shuleni. Kwao Kiingereza ni lugha ya tatu, tena ni lugha ambayo kijijini hakuna wa kuzungumza naye.

Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne, na shule za kata zimesogea karibu na vijiji vyetu. Tunashukuru kwa hilo. Mlango wa ada umefunguliwa, lakini mlango wa lugha bado ni mzito. Mtoto anaingia darasani na kukaa kimya. Mwalimu akiuliza swali, yeye anainamisha kichwa. Muhula ukiisha hivyo, mwalimu humwona mzito, wenzake humwona mzito, na hatimaye yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Tumewafahamu watoto waliokuwa hodari wa hesabu katika shule ya msingi, lakini wakaacha sekondari kabla ya Kidato cha Pili kwa sababu hawakuelewa swali lilikuwa linauliza nini. Hasara hiyo huwa ya familia nzima, na ya parokia pia.

KWA NINI MICHEZO?

Tulihitaji kitu ambacho mtoto anakijua vizuri kuliko mwalimu wake, ili aingie katika Kiingereza akiwa na la kusema. Kwa watoto wengi kitu hicho ni mpira. Wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba, wanasikiliza matangazo ya redioni, na wale wa mjini Sumbawanga na Namanyere huenda kwenye vibanda umiza kutazama mechi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto anayezungumzia mchezo wake yuko kwao, hata kama lugha ni ngeni.

Jambo la pili tuliligundua ubaoni. Siku ya kwanza tunawaomba watoto wataje maneno yote ya mpira wanayoyajua kwa Kiswahili. Wanataja mechi, timu, goli, golikipa, beki, winga, kona, penalti, faulo, rafu, refa, kocha, ligi, fainali, droo. Kisha mwalimu anaandika pembeni mwa kila neno asili yake ya Kiingereza: "match" kando ya mechi, "corner" kando ya kona, "coach" kando ya kocha, "rough" kando ya rafu, "draw" kando ya droo. Mtoto aliyesema hajui neno hata moja la Kiingereza anakuta ana maneno 15 mdomoni, na amekuwa akiyatumia tangu utotoni. Tumeona nyuso zikibadilika katika dakika hizo.

Hatuishii hapo, kwa maana Kiswahili nacho kina maneno yake, na ni vema mtoto ayaheshimu. Nahodha ni neno la baharini, mkuu wa chombo, na "captain" ya Kiingereza vilevile ni mkuu wa meli. Lugha zote mbili humwita kiongozi wa timu kwa neno linalotumika pia kwa mkuu wa chombo cha majini. Kuotea ni neno la mwindaji anayejificha akisubiri mnyama apite, ilhali Kiingereza husema "offside", kikitazama mchezaji amesimama upande gani. Mtoto wa kijijini anayejua kuotea ni nini ataelewa kanuni hiyo upesi kuliko kwa maelezo marefu, kisha atalishika neno la Kiingereza. Hatuwaadhibu watoto kwa kuzungumza Kiswahili, wala hatumvalishi mtu kibao shingoni kama inavyofanyika mahali pengine. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza kunyamaza, na kunyamaza ndilo tatizo tunalotaka kuliondoa.

MITEGO YA LUGHA

Makosa ya watoto yametufundisha mengi, na tunayaeleza hapa ili walimu wa kujitolea katika parokia nyingine wayategemee.

Kwanza ni neno kufunga. Kwa Kiswahili tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga wakati wa Kwaresima au Ramadhani, na tunafunga bao. Mtoto akifungua kamusi anakuta "close", naye anaandika kwamba timu yake ilifunga mabao kama mtu anayefunga dirisha. Neno analohitaji ni "score".

Pili ni kushinda. Tunasema tulishinda mechi, na pia tuliwashinda Darasa B. Kiingereza hutenganisha: mechi ni "win", mpinzani ni "beat". Karibu kila mtoto husema "we won them", na hata sisi watu wazima tunajikwaa hapo.

Tatu ni kupiga. Mswahili anapiga mpira, anapiga kichwa, anapiga chenga, anapiga pasi na anapiga penalti. Kwa Kiingereza kila tendo lina neno lake: "kick", "head", "dribble", "pass", na penalti "huchukuliwa", yaani "take a penalty". Maneno hayo hayashikiki kwa kukariri. Yanashikika mguuni, mtoto akitenda kila moja huku akilitaja.

Nne ni majina ya michezo. Mpira wa wavu ukiutafsiri neno kwa neno unapata "netball", kumbe "netball" ni mpira wa pete, na mpira wa wavu ni "volleyball". Waswahili waliupa mchezo jina la pete, Waingereza wakautazama wavu unaoning'inia kwenye pete hiyo. Mtoto akichorewa picha mbili ubaoni hachanganyi tena.

Tano ni yeye. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno hilo, Kiingereza hutofautisha kila mara kwa "he" na "she". Kutangaza mchezo ambao wavulana na wasichana wamechanganyika kunamlazimisha mtoto achague neno sahihi mara nyingi katika dakika chache, bila mwalimu kutoa somo la sarufi.

TULIPOKOSEA

Tulianza na mpira wa miguu peke yake. Baada ya wiki chache tuliona kwamba wavulana wanazungumza, nao wasichana wamekaa pembeni wakisubiri kipindi kiishe. Tulikuwa tumehamisha ukimya, hatukuuondoa. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza, katika kijiji kimoja cha barabara ya Namanyere, alituonyesha njia bila kukusudia. Alikuja amevaa kizibao cha timu ya shule yake ya zamani, kifuani kimeandikwa GA. Mwalimu alimuuliza herufi hizo ni za nini. Alijibu papo hapo: "Goal Attack". Akaulizwa wenzake wanavaa nini, akataja nafasi nyingine 6 za mpira wa pete kwa Kiingereza: "Goal Shooter", "Wing Attack", "Centre", "Wing Defence", "Goal Defence" na "Goal Keeper". Hakuna hata mvulana mmoja aliyezijua.

Wasichana wetu wamekuwa wakivaa Kiingereza kifuani miaka yote, nasi hatukukisoma. Tangu siku hiyo kila kundi linaanza na mpira wa pete, na wasichana ndio wanaowafundisha wavulana kanuni: kwamba mpira haushikwi zaidi ya sekunde 3, kwamba wafungaji ni "Goal Shooter" na "Goal Attack" tu, na kwamba kila nafasi ina eneo lake. Aliyezoea kunyamaza anaanza kwa kueleza, na aliyezoea kusema anaanza kwa kusikiliza. Mpira wa miguu unafuata wiki ya pili.

KIPINDI KINAVYOENDESHWA

Kila kipindi kina hatua nne, nazo hufuatana kila mara.

1. Kutenda. Mwalimu anatoa amri fupi uwanjani: "run", "stop", "throw", "catch", "jump", "turn left". Watoto wanatenda bila kusema neno. Hatua hii ni muhimu kwa mwenye haya, kwa sababu anaonyesha kuwa ameelewa kabla ya kulazimika kutamka. Baadaye watoto wenyewe wanapokezana kutoa amri.

2. Kutangaza. Watoto wawili wawili wanakaa pembeni na kutangaza mchezo kama watangazaji wa redio, kwa wakati uliopo: nani ana mpira, anampa nani, nini kinatokea. Kicheko ni kingi, na mwalimu hasahihishi kila kosa. Anaandika mawili au matatu ya kurudia baadaye.

3. Kusimulia. Chini ya mti au ndani ya ukumbi, mchezo uleule unasimuliwa kwa wakati uliopita, kwa mdomo, kisha kwa sentensi 5 katika daftari. Watoto wa Sumbawanga wanapenda kusimulia mechi ya Oktoba 2020, wakati Tanzania Prisons, iliyokuwa ikicheza mechi zake za nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela, ilipoifunga Simba bao 1-0. Anayeshabikia Simba na anayeshabikia Yanga hawaisimulii kwa namna moja, na hilo linatufikisha hatua ya nne.

4. Kujadili. Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Tunawapa watoto vianzio vichache: "I think… because…", "I agree, but…", "I don't agree, because…". Kisha tunauliza swali lisilo na jibu moja. Je, refa alikuwa sahihi? Je, wasichana wapewe uwanja kwa muda sawa na wavulana? Je, kijiji kigharamie safari ya timu wakati shule ina upungufu wa madawati?

Mtoto wa Ufipa amelelewa kutombishia mkubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini darasani ataulizwa maoni yake na atatakiwa kuyatetea. Katika kumbishia mwenzake juu ya penalti anajifunza kutofautiana kwa adabu, akisikiliza kwanza na kutoa sababu. Sheria yetu ni kwamba hakuna anayejibu kabla ya kurudia kwa maneno yake kile ambacho mwenzake amesema. Kwa njia hiyo hata anayesikiliza analazimika kuelewa.

Kwa kusoma, tunaandika habari fupi za wanamichezo wa Tanzania kwa Kiingereza chepesi. Ya kwanza ni ya John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka akaumia goti, lakini aliendelea akiwa amefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa 1 baada ya mshindi. Swali la kujadili ni kama ilifaa aendelee au ajihurumie, na watoto hawajawahi kukubaliana. Ya pili ni ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Ya tatu ni ya Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2:09:48. Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huohuo, na mshindi alijulikana kwa picha ya mstari wa kumalizia. Kwa mwalimu anayetaka kufundisha "fast", "faster" na "fastest" hakuna mfano bora.

KUTOKA MPIRA HADI FIZIKIA

Wapo wazazi walioogopa kwamba watoto watajua Kiingereza cha mpira tu. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mwezi wa mwisho tunavuka daraja kwa makusudi. Tunapima uwanja: goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na pete iko mita 3.05 kutoka ardhini. Hapo yanaingia maneno "width", "height", "distance" na "measure". Tunapima mbio: mtoto aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 16 amekwenda mita 6.25 kila sekunde, na hapo yanaingia "time" na "speed". Tunahesabu mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia, na hapo yanaingia "heart", "blood", "breathe" na "muscle".

Maneno hayo ndiyo atakayokutana nayo katika vitabu vya Hisabati, Fizikia na Biolojia mwezi Januari. Tofauti ni kwamba atakuwa ameyakimbia na kuyapima kwa mikono yake. Hatusemi kwamba kazi hii inatosha kumvusha mtoto katika Upimaji wa Kidato cha Pili. Walimu, vitabu na muda wa kusoma nyumbani bado vinahitajika. Tunachosema ni kwamba mtoto anayeingia darasani akiwa amezoea kufungua mdomo anaweza kuuliza pale asipoelewa, na anayeuliza ana nafasi ya kusaidiwa.

CHANGAMOTO

Kubwa ni majira. Mvua huanza Novemba, na kila mkono unahitajika shambani kwa mahindi na maharage. Tumejifunza kuanza mapema Oktoba, kuweka vipindi saa 10 jioni na Jumamosi, na kutumia ukumbi siku za mvua. Wasichana wana mzigo wa ziada wa maji, kuni na wadogo zao. Pale ambapo mama mmoja wa kamati ametembelea nyumba na kuzungumza na wazazi, mahudhurio yao yamekuwa mazuri. Barua peke yake haijasaidia mahali popote.

Changamoto nyingine ni walimu. Wengi ni vijana waliomaliza Kidato cha Nne au cha Sita, na Kiingereza chao kina makosa. Tunawapanga wawili wawili, tunawapa kamusi, na tunaomba mwalimu mzoefu wa parokia awapitie mara moja kwa wiki. Kijana anayefundisha naye anajifunza, na wengine wao wamerudia mitihani yao wakiwa na ujasiri zaidi.

PAROKIA INAHITAJI NINI?

Mahitaji ni machache, na mengi yapo tayari:

- Kiwanja na ukumbi, au mti wenye kivuli kizuri.
- Mpira 1 wa miguu na mpira 1 wa pete, pamoja na pampu na filimbi.
- Pete 2 za chuma, ambazo fundi wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza, na miti 2 mirefu.
- Vizibao vyenye herufi za nafasi, vinavyoweza kushonwa na akina mama kwa mabaki ya vitambaa.
- Ubao, chaki, futi kamba, saa, na daftari 1 kwa kila mtoto.
- Kamusi 2 za Kiingereza na Kiswahili.
- Vijana 2 wa kufundisha na mjumbe 1 wa kamati wa kusimamia.

Kamati inayotaka kuanza iandike majina ya watoto wote waliomaliza darasa la saba mwezi Septemba, wa madhehebu na dini zote, wavulana na wasichana kwa idadi inayokaribiana. Kisha izungumze na mkuu wa shule ya sekondari ya kata, ili mwezi Januari awapokee watoto hao akijua walipofikia.

 Mipira mliyoiona katika taarifa ya matumizi imechakaa sasa, na miwili imeshonwa mara kadhaa. Yule msichana wa GA hakuwa miongoni mwa walionyamaza mwaka wake wa kwanza. Mwalimu wake wa Biolojia alitueleza kwamba ana maswali mengi mno darasani, na kwamba anamwomba awaachie na wengine nafasi. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha.